Jina Kwenye Kisima

Kuruthumu alikuwa mwanafunzi wa Darasa la Sita katika shule moja ya msingi karibu na Kaole, kusini kidogo ya mji wa Bagamoyo. Kila asubuhi alifagia uwanja, akachota ndoo mbili za maji kisimani, akaoga na kuvaa sare. Kabla ya kuondoka alimwamkia babu yake, Mzee Kibwana, ambaye saa hizo huwa ameshaketi barazani anashona makuti.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Leo unatusomea nini huko shuleni?"

Babu aliuliza hivyo kwa sababu Kuruthumu alikuwa na kazi maalumu. Kila siku mstarini, baada ya wimbo wa taifa na ukaguzi wa usafi, alisimama mbele ya shule nzima na kusoma habari fupi iliyoitwa "Siku Kama ya Leo". Tarehe 18 Julai aliwaambia wenzake kwamba siku hiyo mwaka 1918 alizaliwa Nelson Mandela. Tarehe 7 Agosti alisoma kuhusu mabomu yaliyolipuka Dar es Salaam na Nairobi mwaka 1998, na walimu wawili waliokuwa Dar siku ile wakatikisa vichwa kwa kukumbuka.

Kazi hiyo alipewa na Mwalimu Bilali, mwalimu wa historia. Alimpa na daftari gumu, na sharti moja. Kila habari iandikwe na mahali ilipotoka: kitabu gani, au mtu gani. "Tarehe bila ushahidi ni maneno tu," alisema Mwalimu Bilali. Kuruthumu alilishika sharti hilo vizuri kwa wiki tano. Wanafunzi wa madarasa ya chini walianza kumwita Bi Historia, na yeye jina hilo lilimpendeza kuliko alivyotaka watu wajue.

Mwishoni mwa juma moja mwezi wa Agosti alikwenda Mbegani kwa shangazi yake. Alicheza na binamu zake Jumamosi kutwa na Jumapili mpaka magharibi. Daftari lilibaki kwenye mkoba. Jumatatu, tarehe 12, alikumbuka kazi yake akiwa njiani kwenda shule na rafiki yake Yasmini.

"Sina habari ya leo," alisema, akasimama.

"Si useme tu huna," alisema Yasmini. "Mwalimu Bilali hatakupiga."

"Wote watanicheka."

"Watacheka, halafu watanyamaza."

Walikuwa wamefika kwenye kisima cha kitongoji chao, ambacho siku hizo kilikuwa kinakarabatiwa. Fundi alikuwa ameshabomoa ukingo wa zamani na kupanga matofali mapya. Kuruthumu aliwahi kusikia watu wakisema kwamba kisima hicho kilichimbwa mwaka 1976. Hakujua zaidi ya hapo. Lakini alipokitazama, habari nzima ilimjia kichwani, na ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kusoma.

Mstarini alisimama wima, akafungua daftari kwenye ukurasa mtupu, akasema kwa sauti kubwa: "Siku kama ya leo, tarehe 12 Agosti mwaka 1976, Mzee Kibwana wa kitongoji chetu aliwaongoza vijana wenzake kuchimba kisima tunachokitumia mpaka leo. Maji yalipotoka, watu walimbeba juu kwa furaha."

Wanafunzi walipiga makofi marefu. Haikuwa habari ya Marekani wala ya Ulaya. Ilikuwa ya kisima chao na ya mzee waliyemjua.

Mwalimu Bilali alitabasamu. "Hii ndiyo historia ninayoitaka. Nani alikusimulia, Kuruthumu?"

"Babu mwenyewe, mwalimu."

Asubuhi ile mwenyekiti wa kitongoji, Bwana Yahya, alikuwa amefika shuleni kuzungumza na mwalimu mkuu kuhusu huo ukarabati. Alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi, na maneno yote aliyasikia. Alikuja mpaka mbele, akampa Kuruthumu mkono.

"Mimi nimehamia hapa kutoka Kiwangwa miaka minane iliyopita, sikuwa najua hayo," alisema. "Jumamosi fundi anamalizia ukingo. Tutaandika jina la mzee wetu na tarehe, ili watoto wenu nao wajue."

Makofi yakapigwa tena. Kuruthumu alihisi joto limempanda usoni. Alitamani mwenyekiti asingekuwepo.

Wakati wa mapumziko wanafunzi walipanga foleni ya uji mbele ya jiko la shule. Aliyepika uji alikuwa Bi Swaumu, mama wa makamo, mpole, asiye na maneno mengi. Kuruthumu alipofika mbele na kikombe chake, Bi Swaumu hakuteka uji. Alishika upawa, akamtazama.

"Kuruthumu, babu yako ndiye aliyekwambia kuwa alichimba kile kisima?"

"Ndiyo, Bi Swaumu."

"Alikwambia kwa kinywa chake?"

"Ndiyo."

"Haya," alisema Bi Swaumu. Alimjazia kikombe, akamgeukia mtoto aliyefuata. Kuruthumu alikwenda kukaa na uji wake, lakini haukushuka. Alimpa Yasmini.

Jioni, babu yake alirudi kutoka msikitini baada ya sala ya alasiri. Hakukaa kwenye makuti yake. Aliingia ndani, akamwita Kuruthumu, akamwambia aketi.

"Vijana wamenipa mkono msikitini," alisema. "Wananiita mchimba kisima. Nikauliza habari hiyo imetoka wapi, wakaniambia imetoka kwako, na wewe umeipata kwangu. Mimi nilikusimulia lini?"

Kuruthumu alitazama vidole vya miguu yake. "Hukunisimulia, babu."

"Sasa?"

"Sikuwa na habari ya kusoma. Nikaona nikisema hivyo watu watafurahi. Na wewe utasifiwa."

Sauti ya Mzee Kibwana ilikuwa ya chini sana.

"Sikiliza. Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Wazee walichagua vijana wa kuchimba, na wa kwanza kuitwa nilikuwa mimi. Nilitazama lile shimo, nikaogopa. Mchanga wa pwani hauaminiki. Basi nikasingizia ugonjwa, na siku ya pili nikakimbilia Kiwangwa kulima mananasi. Aliyeshuka mahali pangu aliitwa Sufiani. Walikuwa wamekaribia maji wakati kifusi kilipoporomoka. Walimtoa akiwa ameshafariki."

"Sufiani yupi, babu?"

"Babake Swaumu. Huyo anayekupikieni uji."

Kuruthumu alijifunika uso kwa kanga yake. Aliona tena upawa ulivyosimama juu ya sufuria, na macho ya Bi Swaumu.

"Vijana hawayajui hayo," aliendelea babu. "Lakini wazee wenzangu wanayajua. Leo walikuwa wamekaa palepale wakati napewa mkono. Hakuna aliyesema neno. Walinitazama tu. Miaka yote hii nimeishi nao, nao wakanisitiri. Leo nimeonekana nimekaa nyumbani nikamfundisha mjukuu wangu kuiba jina la marehemu."

"Babu, kwani hatuwezi kusema kuwa umesahau? Kwamba umezeeka, ukachanganya mambo?"

Mara maneno yale yalipomtoka, Kuruthumu alijua kwamba ameharibu zaidi. Babu yake hakumkaripia. Aliinuka polepole, akashika mlango.

"Unataka nibebe uongo wako kwa kuwa nimezeeka," alisema. "Nenda kaseme kweli. Mimi siwezi kukusemea."

Kuruthumu aliahidi kwamba angesema kesho yake. Lakini Jumanne alipofika shuleni, watoto wa Darasa la Kwanza walimkimbilia wakitaka kujua kama babu yake alikuwa na nguvu sana. Alisema ndiyo. Mstarini alisoma habari nyingine, ya kweli, kutoka kitabuni, kwa haraka, bila kumtazama mtu. Mwalimu Bilali alimpongeza tena kwa ile ya Jumatatu.

Siku hiyo na siku iliyofuata hakwenda kwenye foleni ya uji. Alipoona moshi wa jiko alipitia nyuma ya madarasa. Jumatano alijikaza mpaka mlangoni mwa jiko, akamwona Bi Swaumu ameinama akichochea kuni, akageuka na kurudi. Yasmini alimwona.

"Unaumwa?" aliuliza.

"Siumwi."

"Basi mbona unamkwepa Bi Swaumu?"

Kuruthumu alimweleza kila kitu. Yasmini alisikiliza mpaka mwisho. "Mimi siwezi kukusaidia kwa hilo," alisema. "Lakini ukitaka kwenda kwake, nitakusindikiza mpaka njia panda."

Nyumbani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Babu aliacha kwenda msikitini, akawa anasali chumbani. Mama yake Kuruthumu alidhani mzee ana homa, akampikia supu. Babu aliinywa, na Kuruthumu, aliyejua ugonjwa wenyewe, alishindwa kukaa naye chumba kimoja.

Alhamisi alipokuwa anatoka shuleni na Yasmini alipita kisimani. Fundi alikuwa amekaa juu ya tofali na kibao mapajani, anapima herufi kwa chaki. Kuruthumu alisoma: KIMECHIMBWA NA MZEE KIBWANA, 12 AGOSTI 1976.

"Njoo uone, binti," alisema fundi kwa uchangamfu. "Keshokutwa naziandika kwenye saruji mbichi. Zikikauka, hazitoki tena."

Kuruthumu alibaki amesimama. Mpaka dakika ile alikuwa akijiambia kwamba watu watasahau. Sasa aliona kuwa saruji haitasahau, na kwamba Bi Swaumu angechota maji mbele ya maandishi yale kila siku ya maisha yake. Aligeuka, akamwambia Yasmini, "Nisindikize."

Bi Swaumu alikuwa nyuma ya nyumba yake anachekecha unga. Kuruthumu alimwamkia, akaitikiwa. Alikuwa ameyapanga maneno njiani, lakini yote yalimpotea.

"Bi Swaumu, nilisema uongo. Babu hakuniambia kitu. Nilitunga mwenyewe. Na ulivyoniuliza nikakudanganya tena."

Chekeche liliendelea kwenda huku na huku kidogo, kisha likasimama.

"Sasa unajua nani alichimba?"

"Najua. Babu amenieleza. Nisamehe, Bi Swaumu. Nimelichukua jina la baba yako nikampa babu yangu."

Bi Swaumu aliweka chekeche chini, akajifuta unga mikononi.

"Si jina lililoniuma," alisema. "Mimi nilikuwa na miaka sita baba alipofariki. Ninachokumbuka ni kamba, na watu wengi, na kwamba nilikatazwa kusogea. Mengine yote niliambiwa na mama yangu, naye ameshatangulia mbele ya haki. Jumatatu niliposikia kwamba Mzee Kibwana mwenyewe amesema alichimba yeye, na kwamba watu walimbeba kwa furaha, nilirudi nyumbani nikakaa. Nikajiuliza, je, mama alinidanganya? Labda baba alikufa kwa jambo jingine, la aibu, wakanificha. Siku nne hizi nimekuwa nikimshuku mama yangu, na yuko kaburini."

Kuruthumu alilia. Bi Swaumu hakumbembeleza, wala hakumfukuza. Alimwacha alie mpaka akamaliza.

"Nimekusikia," alisema mwishowe. "Lakini mimi umeniambia hapa, tuko wawili. Ule uongo uliusema mbele ya shule nzima."

"Nitasema kesho, Bi Swaumu."

Usiku huo Kuruthumu hakumwomba babu yake chochote. Asubuhi alitoka mapema, akamwendea Mwalimu Bilali kabla ya kengele, akamweleza. Mwalimu alimsikiliza amesimama. Uso wake ulibadilika, na Kuruthumu aliona kwamba hakukasirika sana. Alikuwa amevunjika moyo, na hilo lilimuumiza zaidi.

"Nilikuamini nikaacha kukagua daftari lako," alisema mwalimu. "Haya, twende."

Mstarini Kuruthumu alisimama mahali pake pa siku zote. Alifumbata mikono nyuma.

"Habari niliyosoma Jumatatu ilikuwa ya uongo," alisema. "Babu yangu hakuchimba kisima wala hakunisimulia. Nilitunga kwa sababu sikuwa nimejiandaa, na niliogopa kuchekwa. Aliyechimba kisima ni marehemu Mzee Sufiani, babake Bi Swaumu, na alifia humo akitutafutia maji. Namwomba radhi Bi Swaumu, namwomba radhi babu yangu, na nyinyi nyote."

Wavulana wachache wa Darasa la Saba walicheka. Mtu mmoja nyuma akasema, "Bi Historia," na kicheko kikaenea. Mwalimu Bilali hakuwanyamazisha mara moja. Kuruthumu alisimama akaacha watu wamcheke, masikio yakiwaka, mpaka kelele zikaisha zenyewe. Kisha alimwona Bi Swaumu mlangoni mwa jiko, ameshika pindo la kanga mdomoni.

Mwalimu alimwondoa Kuruthumu kwenye kazi ya kusoma kwa wiki moja. Badala yake alimpa kazi nyingine: atafute habari ya kweli ya kisima, na tarehe yake, na mashahidi. Siku hiyohiyo mwalimu alimfikishia taarifa mwenyekiti. Bwana Yahya alimwambia fundi amalizie ukingo, lakini mahali pa maandishi paachwe wazi mpaka ukweli ujulikane.

Jioni Kuruthumu alimweleza babu yake kwamba alikuwa anakwenda kwa Bi Swaumu na daftari. Mzee Kibwana akavaa kanzu na kofia.

"Twende wote," alisema. "Na mimi nina langu."

Kwa Bi Swaumu walikaribishwa barazani. Mzee Kibwana hakungoja kuulizwa. Alisema kuwa yeye ndiye aliyeitwa kwanza, kwamba hakuwa mgonjwa bali aliogopa, na kwamba aliporudi kutoka Kiwangwa alikuta msiba umeshapita, akakosa uso wa kwenda kuhani. Kila mwaka alijiambia atakwenda. Miaka ikapita arobaini na zaidi.

"Nisamehe, mwanangu Swaumu," alisema. "Nilipaswa kuja ukiwa mtoto."

Bi Swaumu aliinamisha kichwa. "Nilikuwa naona unavyoikwepa njia yangu, baba," alisema. "Nikadhani hunipendi. Kuogopa ungeogopa, mtu yeyote angeogopa. Lakini ungekuja kutupa pole. Mama alikuwa akiwahesabu waliokuja." Alifuta machozi. "Nimekusamehe. Sasa niambie, alikuwa mtu wa namna gani?"

Basi babu akaanza kusimulia. Sufiani alikuwa mrefu, mwepesi wa kucheka, na akishika sururu huimba. Wenzake walisema kwamba siku ile alipiga kelele kutoka chini, "Unyevu! Naona unyevu!" Bi Swaumu hakuwa amewahi kulisikia hilo. Alimwomba alirudie, na Kuruthumu akaliandika.

Tarehe ilikuwa ngumu. Bi Swaumu hakuijua kwa kalenda ya shule. Alijua tu kwamba ilikuwa Jumatatu, siku tatu kabla ya mwezi wa Ramadhani kuanza, kwa sababu kila mwaka siku tatu kabla ya mfungo mama yake alimsomea marehemu khitma. Jumatatu iliyofuata Kuruthumu aliyapeleka maneno hayo kwa Mwalimu Bilali. Mwalimu alitafuta kwenye simu yake, akakuta kwamba mwaka 1976 Ramadhani ilianza Alhamisi, tarehe 26 Agosti. Walirudi nyuma siku tatu kwa vidole: Jumatano, Jumanne, Jumatatu. Ilikuwa tarehe 23, na siku ya juma ilikubaliana na maneno ya Bi Swaumu.

Ijumaa, tarehe 23 Agosti, Kuruthumu alirudishwa mbele. Babu yake alikuwepo, na mwenyekiti, na wazee wanne wa msikitini. Bi Swaumu aliwekewa kiti, lakini alisimama.

"Siku kama ya leo, mwaka 1976," alisoma Kuruthumu, "Mzee Sufiani alifariki dunia akichimba kisima cha kitongoji chetu. Alikuwa ameshafikia unyevu. Wenzake walimzika, kisha wakaendelea kuchimba mpaka maji yakatoka. Nimesimuliwa na binti yake, Bi Swaumu, na babu yangu, Mzee Kibwana, ambaye hakuwepo siku hiyo, naye alisikia kwa waliokuwepo."

Hakuna aliyepiga makofi. Wazee waliinua mikono wakamsomea marehemu fatiha, na watoto wakatulia.

Mwalimu Bilali alisogea mbele. "Wanafunzi," alisema, "mmesikia tarehe mbili za kisima kimoja. Ya kwanza ilitungwa njiani kwa dakika chache, tukaipigia makofi. Ikamfanya mzee ashindwe kwenda msikitini, na mama amshuku mzazi wake aliyekufa. Ya pili imemgharimu mwenzenu kuchekwa na kuomba radhi. Ukiwa hujui, sema hujui. Aibu yake ni ya asubuhi moja. Na ukishadanganya, rudi upesi ukaseme kweli palepale uliposema uongo, kwa maana kila siku unayochelewa kuna mtu anaumia."

Kuruthumu aliinamisha kichwa. Aibu bado ilikuwepo, lakini sasa aliweza kusimama nayo.

Walipotawanyika, Bi Swaumu alimwita kando ya jiko. Alikuwa ameshika kipande cha karatasi.

"Niandikie hiyo tarehe," alisema. "Miaka yote nilikuwa nayo moja, ya mwezi wa Shaabani. Sasa nataka wajukuu zangu waijue na hii ya shuleni."

Kuruthumu aliiandika kwa herufi kubwa, akahakikisha mara mbili, kisha akampa kwa mikono miwili.